Kodi ya miezi sita: shajara ya fundi cherehani, Januari hadi Julai 2025

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Nimeligeuza, naanzia nyuma.

Nakaa Mbagala, chumba na sebule, 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapokei mwezi mmoja mmoja. Anataka miezi sita kwa mkupuo, 480,000, tarehe 1 Januari na tarehe 1 Julai. Nyumba nyingi za Dar ndivyo zilivyo, na wapo wanaodaiwa mwaka mzima. Mimi nimeingia mwaka wa nne pale. Nimeshalipa mara saba, na katika hizo saba ni mara mbili tu nililipa bila kukopa. Tarehe naijua, kiasi nakijua, na bado kila ikifika inanikuta kama mgeni wa usiku.

Safari hii nilikuwa na 195,000. Zilizobaki nilizichukua tarehe 30 Desemba kwenye kiofisi cha mikopo cha mtaani. Nilikopa 300,000, wakakata 15,000 ya fomu, nikapewa 285,000 mkononi. Marejesho ni 32,500 kila Jumamosi kwa wiki 12, jumla 390,000. Ndiyo ile watu wanaita kausha damu. Dhamana ni cherehani yangu ya umeme. Walikuja kuipiga picha pale pale mezani, nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Wakachukua na barua ya serikali ya mtaa na sahihi ya dada yangu kama mdhamini.

Nikijumlisha fomu na riba, kuchelewa kwangu kumekula 105,000. Hiyo ni kodi ya mwezi mmoja na siku tisa ambazo sitazilala.

Mikopo ya kwenye simu niliiogopa. Mwezi Novemba Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na jirani yangu alishapitia balaa la aina hiyo. Alichelewa siku mbili tu, ujumbe wa kumdhalilisha ukatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yake, mpaka kwa mwalimu wa mtoto wake. Alilia barazani kwangu. Sitaki kuliona tena hilo.

Hesabu ya mradi wa kuweka kodi ya Julai bila kukopa: kuanzia leo hadi Jumamosi ya tarehe 28 Juni ni wiki 25. Nafanya kazi siku sita kwa wiki, basi ni siku 150. Gawanya 480,000 kwa 150 unapata 3,200. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa. Kwa seremala wa jirani nimenunua kibubu cha mbao, kimegongelewa misumari pande zote.

Jumamosi, 18 Januari

Wiki ya kwanza nimeweka siku zote sita, 19,200. Sare za shule zilikuwa nyingi, watu wanataka sketi na kaptula leo leo. Wiki ya pili shule zimeshafunguliwa, kazi ikapungua, nikaweka siku nne. Kibubu kina 32,000. Marejesho yamelipwa.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekivunja.

Wiki ya tatu niliweka siku tatu, kikafika 41,600. Wiki hii sikuweka kitu. Jana jioni nilikuwa na 14,500 tu na leo saa kumi kijana wa marejesho anakuja na pikipiki yake. Zilipungua 18,000. Nilichukua nyundo ya jirani, mwanangu akiangalia. Ana miaka kumi na mmoja, hakuuliza kitu, akaokota sarafu zilizobingirika chini ya kitanda akanipa.

Jumapili, 9 Februari

Zile 23,600 zilizobaki nazo zimekwisha, na siwezi kusema zimekwenda wapi. Akiba iliyokwisha kuguswa mara moja huwa imeshageuka hela ya sokoni.

Kuanzia kesho naandika kila shilingi inayotoka. Kila moja, hata ya kiberiti. Wiki mbili.

Jumapili, 23 Februari

Nimemaliza wiki mbili, na ukurasa huu umenifundisha kuliko nilivyotegemea.

Nauli ya kazini, Mbagala–Tandika, kwenda na kurudi 1,200, siku 12, jumla 14,400. Hapo hakuna la kufanya. Chakula cha mchana kwa mama ntilie 2,000, siku 12, jumla 24,000. Chai na chapati saa nne 800, jumla 9,600. Nilidhani nitaona hapa ndipo hela inapopotelea, maana kila anayetoa ushauri wa kuweka akiba huanza na chakula cha barabarani. Mchana nitabeba hotipoti, sawa. Chai sitaiacha. Kwenye chai ile ndipo mafundi tunapopeana kazi. Wiki iliyopita tu fundi mwenzangu aliniachia magauni matatu ya kusimamia harusi kwa sababu nilikuwa nimekaa pale aliposema zimemzidi.

Panapovuja ni kwingine. Mkaa: kopo la 1,500 kila siku, wiki mbili 21,000, mwezi 45,000. Na chini ya kitanda changu upo mtungi wa gesi wa kilo 6, mtupu, na plate yake, umekaa toka Oktoba. Kuujaza ni 24,000. Nimenunua mkaa wa 45,000 kila mwezi kwa sababu sijawahi kuwa na 24,000 siku moja. Niliposoma mstari huu niliamka kitandani nikauburuta ule mtungi nje.

Sukari nanunua robo kwa 800, na kilo ni 2,900. Mafuta ya kupima robo lita 1,700, na lita nzima 6,000. Ukiziangalia moja moja ni mia tatu, ni mia nane, lakini zinajirudia mwezi mzima, na kila nikipima dukani nalipia tena kule kupimiwa. Tunafundishwa tangu utoto kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwangu haba na haba ilikuwa inatoka, na kibaba kilichokuwa kinajaa ni cha muuza duka.

Halafu makato ya simu. Wateja wananitumia malipo ya awali elfu tano tano, na mimi nilikuwa nakwenda kwa wakala kuitoa kila ikiingia, kwa kuwa nataka kununua uzi au zipu. Wiki mbili, mara tisa, makato 8,350. Ada ya kutoa inakwenda kwa madaraja: ukitoa vijisehemu mara tisa unalipa zaidi ya aliyetoa kiasi hicho hicho mara moja. Naandika hapa kama sheria: natoa Ijumaa tu. Muuza nyuzi anapokea kwa simu, nilikuwa sijamuuliza.

Kodi, gesi, sukari, vyote ni ugonjwa mmoja. Kila kitu cha bei nafuu kinauzwa kwa mkupuo, na mimi pesa inaniingia kwa vipande.

Jumamosi, 1 Machi

Kijana wa marejesho ameondoka sasa hivi. Nimekaa na kile kikadi chao cha njano na nimeona kitu ambacho nilipaswa kukiona mwezi mzima uliopita.

Jumamosi tisa. Sahihi tisa. Sijakosa hata moja. Nimeshatoa 292,500.

Mimi niliyeshindwa kuweka 3,200 kwa siku kwenye kibubu, kwa miezi miwili nimekuwa natoa zaidi ya 5,400 kwa siku kwa mtu mwingine. Kwenye mwezi ule ule wa kazi kidogo. Mikono ni hii hii na wateja ni hawa hawa. Nilikuwa najiambia kwamba sina uwezo wa kuweka akiba, na ushahidi kwamba ninao upo kwenye kadi ya mkopeshaji.

Kinachotofautisha ni kwamba yule anakuja. Jumamosi saa kumi pikipiki inasimama mbele ya meza yangu, kijana anashuka, anafungua kitabu, na mafundi wenzangu wanatazama. Kwa hiyo tangu Jumatano naanza kuitafuta ile hela. Nampigia mteja aliyesahau nguo, nakubali kazi ya kupunguza suruali ambayo siku nyingine ningeikataa. Kibubu hakinidai. Kimekaa kimya juu ya kabati na ukikinyima leo hakina la kusema.

Kwa hiyo kodi yangu inahitaji mdai. Inabidi nimtafute kabla mkopo haujaisha tarehe 22, kwa sababu nikipata hata Jumamosi mbili bila kudaiwa, zile 32,500 zitazoea njia nyingine.

Jumamosi, 22 Machi

Rejesho la kumi na mbili. Nimedai barua ya kumaliza deni na ile karatasi yenye picha ya cherehani yangu. Walisema nije wiki ijayo. Nikasema sitoki mpaka niipate, nikakaa kwenye benchi lao na kitambaa cha mteja napiga pindo kwa mkono. Nimeondoka nayo saa kumi na moja. Kwa anayesoma: usikubali kumaliza mkopo bila karatasi. Na kabla ya kuchukua, omba kuona leseni. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe nayo. Mimi sikuomba.

Mtungi umejazwa tangu tarehe 25 Februari. Bado unawaka.

Jumamosi, 29 Machi

Kazi za Idi zimejaa, nalala saa nane za usiku. Madera, kanzu za watoto, mashuka ya kupiga lesi. Sina muda wa kuandika, ila hili lazima: leo ni Jumamosi ya kwanza bila pikipiki. Saa kumi nimezihesabu 32,500 zile zile, nikazitia kwenye bahasha, nikampelekea dada yangu azishike. Yeye alikuwa mdhamini wa deni. Sasa nataka awe mdhamini wa hili.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita salama. Kazi zile zimeniachia 67,500 juu ya matumizi, pamoja na bahasha ni 100,000 kamili. Wiki nzima nimekuwa nauliza watu pa kuiweka.

VICOBA cha mtaani kwetu ni kizuri na wanawake wake nawaamini. Wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana mpaka mara tatu ya akiba ya mtu, wana mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa. Lakini kilianza Januari na kinavunjwa Desemba. Mimi hela naitaka Juni. Mwakani nitaomba kuingia mapema, kwa ajili ya kodi ya Januari.

Akiba ya ndani ya simu nimeiacha. Ipo karibu mno, vidole vinaijua njia.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, ndiye aliyenieleza mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Ule unaoitwa Mfuko wa Ukwasi unaanza na 100,000, na baada ya hapo unaongeza kuanzia 10,000 kwa simu. Ukitaka kutoa unaomba, na pesa inachukua hadi siku tatu za kazi kufika. Watu wengine wanaona hizo siku tatu ni usumbufu. Mimi nimezipenda kuliko hata faida. Kama ule usiku wa tarehe 31 Januari kibubu changu kingesema subiri siku tatu, ningekwenda kumwomba fundi mwenzangu anikopeshe 18,000 na kibubu kingekuwa hai. Nimejisajili kwa namba ya NIDA, 100,000 imeingia. Hatifungani za Serikali zinaanzia 1,000,000, hizo bado ni za mbele.

Upande wa pili ni mchezo wa kupeana hela kwa zamu. Tandika yupo mama anayeuza mashuka ya mitumba, ni kijumbe wetu wa miaka mingi, yeye ndiye anayekusanya hela na kumpa wa zamu. Mchezo mpya unaanza Jumatatu: watu 12, 20,000 kila Jumamosi, anayefikiwa anapokea 240,000. Wiki 12, na wiki ya kumi na mbili inaangukia tarehe 28 Juni. Niliangalia kalenda mara mbili. Nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka namba ngapi? Ya kwanza imeshachukuliwa, ya pili wanagombana."

"Nipe ya kumi na mbili."

Akaacha kukunja shuka. "Ya mwisho? Una shida gani wewe?"

Nikamweleza kodi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake kumi na moja bila riba. Wa mwisho ndiye anayeweka akiba. Lakini ujue mwanangu, wa mwisho ndiye mwenye hatari. Mtu akishakula yake mguu unakuwa mzito."

Nimeingia. Kijumbe huyu hapitishi Jumamosi. Anakuja mwenyewe mpaka mezani, anakaa kwenye kigoda changu, na haondoki bila jina lako kupata alama. Mdai nimempata.

Mpango sasa: zile 32,500 zisibadilike. 20,000 kwa kijumbe, 12,500 mfuko. Wiki 12 mchezo unaleta 240,000, mfuko 100,000 na 150,000. Jumla 490,000.

Jumamosi, 26 Aprili

Masika. Wiki mbili mvua haijakatika, baraza letu linavuja upande wa ovaloki, na nani anatoka Yombo kuja kupima gauni kwenye tope hili? Kijumbe nimempa yake leo na wiki iliyopita, alikuja na mwavuli na viatu mkononi. Mfuko sijaupa kitu wiki zote mbili. Pungufu 25,000.

Napenda kuandika ukweli huu jinsi ulivyo: kilichodaiwa na mtu kimelipwa, kilichoachiwa nia yangu kimekosa. Kwa hiyo nimemwita mwanangu, nikampa kazi. Kila Jumamosi jioni aulize, na yeye ndiye abonyeze kutuma, na yeye ndiye aandike kwenye daftari.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, niko nyumbani, nimekaa na risiti za umeme wa LUKU. Tuko wapangaji watano kwenye mita moja, kila mmoja anachanga 10,000 kwa mwezi, na safari hii mtunza hela ni mimi.

Ukinunua mara ya kwanza kila mwezi inakatwa 1,500. Hiyo ni kodi ya jengo. Ilianza kukusanywa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa 1,000, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, ila mfuko inayotoka ni wa mpangaji anayenunua umeme. Miezi sita ni 9,000, tukigawana ni 1,800 kila mmoja. Naandika hapa ili nikumbuke kumwambia mzee mwenye nyumba tukienda kulipa.

Lililoniumiza zaidi ni jingine. Umeme wa majumbani una bei mbili. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi zote. Akizidi anahamia kwenye bei ya kama 356. Sisi watano tunatumia kama uniti 136 kwa mwezi, yaani kila familia uniti 27: taa, redio, simu, feni kidogo. Kila mtu angekuwa na mita yake, sehemu yangu ingekuwa kama 3,300. Nalipa 10,000 kwa sababu mita inatuona familia moja yenye matumizi makubwa. Mita ni uamuzi wa mwenye nyumba, lakini watano tukizungumza kwa pamoja nadhani atasikia.

Jumamosi, 17 Mei

Mwanangu: "Mama, tumeshaweka?" Tumeweka. Wiki ya tatu mfululizo. Mwandiko wake kwenye hesabu ni mzuri kuliko wangu.

Mtungi wa kwanza ulikaa siku 27. Maharage na makande bado nachemsha kwa mkaa, mara mbili kwa wiki, 3,000. Kwa mwezi jiko langu limetoka 45,000 hadi kama 40,000, na sikuwahi kukosa 24,000 ya kujaza, kwa sababu naitenga kwa 1,000 kila siku badala ya kopo. Mdai wa hii ni mtungi wenyewe. Ukiisha saa mbili usiku huku ugali haujaiva, utajuta.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Nilishona mpaka alfajiri ya jana.

Tatizo limeanza kwenye mchezo. Aliyepokea namba ya tatu, tarehe 26 Aprili, leo ni mara ya pili anachelewa. Anauza matunda na mume wake hana kazi tangu Machi. Sina kinyongo naye. Nilikuwa mimi Januari. Lakini mimi ndiye namba ya 12, na kila anayeteleza sasa anateleza juu ya kodi yangu.

Kijumbe amesema kila mchezaji ana mdhamini wake na atakwenda kukaa mlangoni. Namjua, atakaa.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeomba kutoa pesa yote ya mfuko. Niliweka 100,000 ya mwanzo na mara tisa za 12,500, jumla 212,500. Faida imeongeza 4,200. Si nyingi, ila ukiilinganisha na Januari, nilipolipa 105,000 kwa kukosa pesa kwa wakati, nimekuwa upande wa pili wa mto.

Alhamisi, 26 Juni

Imeingia. 216,700. Nimeisoma ile meseji mara nne. Sijaitoa, nitamtumia mzee moja kwa moja.

Jumamosi, 28 Juni

Namba ya kumi na mbili.

Kijumbe alikuja saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa. 220,000. Ya muuza matunda haijakamilika. "Alhamisi, mwanangu. Nimekula naye kiapo." Nikampokea kwa mikono miwili. Miaka yote niliyocheza mchezo sikuwahi kupokea mwisho, na sikujua kwamba wa mwisho anapokea bila deni lolote mbele yake. Wenzangu wote walipokea huku wakijua wiki ijayo wanatoa. Mimi nimetia hela kwenye mkoba na hakuna anayenidai hata shilingi.

12,500 ya wiki hii nimeibakiza mkononi. Hesabu: 216,700 na 220,000 na 12,500 ni 449,200.

Jumanne, 1 Julai

Tulikwenda kwa mzee watu wanne, wa tano yuko safari. Nilimwonesha risiti sita za LUKU. Alizivalia miwani, akasoma moja moja.

"Hii ya jengo ni yangu kweli," akasema. "Mbona hamkuniambia siku zote?"

Hatukuwa na jibu. Amekubali kupunguza 1,800 kwa kila mmoja. La mita amesema tulete makadirio ya fundi umeme, tutaongea.

Kodi yangu ikawa 478,200. Nilikuwa na 449,200, nikaongeza 10,800 ya kazi za jana, nikamlipa 460,000. Nikamwomba 18,200 zilizobaki aningojee hadi Ijumaa. Nilitetemeka kidogo kusema, maana mzee huyu hapendi vipande. Alinitazama, akasema, "Wewe Januari ulinilipa zote na sura ya msiba. Ijumaa."

Ijumaa, 4 Julai

Jana usiku kijumbe alinipigia niende kuchukua 20,000. Elfu kumi zilikuwa noti mpya na elfu kumi zilikuwa sarafu za kuuzia maembe na machungwa, zimefungwa kwenye nailoni. Leo asubuhi nimempelekea mzee 18,200. Ameandika risiti kwa mkono: *imelipwa hadi 31 Desemba 2025*. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali kilipokuwa kibubu.

Zimebaki 1,800.

Jumamosi, 5 Julai

Mchezo mpya, wiki ya kwanza. Nimeomba tena namba ya mwisho, inaangukia tarehe 20 Septemba, na ikiisha tunaanza mwingine utakaofika Desemba. Muuza matunda ameomba kuingia tena, kijumbe amemkatalia namba za mwanzo. Yeye ni wa kumi na moja, ananitangulia mimi. Tumekubaliana kwamba Ijumaa jioni tutakuwa tunapigiana simu kuulizana kama ya kesho ipo.

Kijumbe: 20,000. Kwa dada, mpaka zifike 100,000 nianze tena mfuko: 12,500. Mwanangu ameandika.